Kaizari avae suti?

Mwongozaji anayeamua kuipandisha jukwaani leo Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa mtawala wa Roma, hukutana na swali moja kabla hata ya kugawa nafasi za waigizaji: watu hawa wavae nini? Utadhani ni swali la fundi cherehani, kumbe ndilo linaloamua tanzia nzima itasema nini.

Kwetu sisi lina uzito wake. Januari 1963, Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na wanajeshi. Mwaka huohuo ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hii, na mfasiri alikuwa rais aliye madarakani, Julius Nyerere, ambaye aliipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Mtu aliyeshika dola alikaa akatafuta maneno mazuri ya Kiswahili ya kuwapa wanaopanga kumuua mshika dola. Ukiisoma huku ukilijua hilo, Roma haiwi mbali tena.

Wapo wanaosema Roma iachwe iwe Roma, na siwapuuzi. Umbali una kazi yake. Mtazamaji akiona toga, lile vazi la Warumi wa kale, hatafuti kwanza huyu ni nani wa nchi gani, anasikiliza hoja. Na pale ambapo kumsema mtawala ni hatari, vazi la kale humlinda mwigizaji: anasema yote, na hakuna wa kumkamata kwa sababu aliyesemwa alikufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kuna pia suala la jambia. Brutus, rafiki wa Kaizari anayeshiriki kumuua, lazima amsogelee hadi waonane macho, na baada ya mauaji anawataka wenzake wainame waoshe mikono kwa damu. Wape bastola, na mkono ule unabaki msafi. Tanzia imepungukiwa.

Lakini wanapodai kwamba toga ndiyo uaminifu kwa Shakespeare, hapo wamekosea. Mwaka 1599 tamthilia hii ilipochezwa London, waigizaji walivaa kwa sehemu kubwa mavazi ya wakati wao. Maandishi yenyewe yanashuhudia: Kaizari anafungua koti la Waingereza wa karne ya 16, na saa inagonga katika Roma ambayo haikuwa na saa za kugonga. Watazamaji wa kwanza waliiona London yao ikiwa imevaa jina la Roma.

Hofu nyingine ni ya lugha, kwamba mtu mwenye suti na simu mfukoni akinena kishairi atachekesha. Kwa Kiingereza pengine. Sisi tumezoea kumwona mzee mwenye koti na tai akisimama harusini au kwenye mkutano wa hadhara na kughani shairi, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Kazi ngumu iko kwingine: pale kwenye msiba wa Kaizari, Brutus anazungumza kwa nathari na Antony, mfuasi mwaminifu wa Kaizari, kwa mashairi. Brutus anaeleza, Antony anaimba. Mwongozaji asipoifanya hadhira iusikie mpishano huo, hata avishe nini, umati hautakuwa na sababu ya kuwageukia wauaji.

Suti inaponipa mashaka ni pale inapokuwa na jina la mtu. Mwaka 2017, katika bustani ya Central Park mjini New York, mwongozaji Oskar Eustis alimwonyesha Kaizari akifanana waziwazi na Donald Trump. Shirika la ndege la Delta na benki ya Bank of America waliondoa udhamini wao, na waandamanaji wakapanda jukwaani katikati ya onyesho. Eustis alijitetea kwamba tamthilia inaonya dhidi ya kuitetea demokrasia kwa njia zisizo za kidemokrasia, na kwa maandishi yalivyo, yuko sahihi kabisa. Ila sura ile ilikuwa imeshawaamulia watu. Aliyemchukia mwenye sura alifurahia majambia, aliyempenda alikasirika, wote wawili hawakumhitaji tena Brutus na usiku wake wa kukosa usingizi. Mashaka ya Brutus ndiyo roho ya tamthilia hii. Ukiyaua hayo, kilichobaki ni habari ya mauaji.

Linganisha na mwongozaji Mmarekani Orson Welles, mwaka 1937, akiwa na miaka 22. Naye alitumia nguo za siku zake: sare za kijeshi zilizofanana na za mafashisti wa Italia, jukwaa tupu, ukuta wa matofali uliopakwa rangi nyekundu. Alikata sehemu kubwa ya vita vya mwisho. Lakini onyesho lililowashika watu koo halikuwa kifo cha Kaizari. Lilikuwa la Cinna, mshairi anayeshikwa na umati kwa sababu ana jina moja na mmoja wa wauaji. Anatoa karatasi za mashairi yake mifukoni, anawagawia ili waone kwamba yeye si yule. Wanazikunja. Duara linazidi kubana, giza linaingia, na hayupo.

Hapo nimepata jibu langu. Usasa uwekwe kwenye umati, usiwekwe kwenye sura ya mtawala. Mwongozaji Nicholas Hytner alikaribia hapo mwaka 2018 kwenye ukumbi wa Bridge, London: watazamaji walisimama katikati, wakisogezwa huku na huku kadiri majukwaa yalivyopanda na kushuka, hata wakawa ndio Warumi wanaohutubiwa. Anayeshangilia hotuba ya Antony kwa sauti yake mwenyewe hana wa kumsingizia.

Ningekuwa mwongozaji, ningetumia nguo za leo zisizo na bendera ya nchi yoyote, ningebakisha majambia, na onyesho la Cinna nisingeligusa, ingawa wengi hulikata kuokoa dakika. Linalofuata ni lile la Antony na wenzake wakitia alama majina ya watu watakaouawa. Ningewakataza wahudumu wa jukwaa kufagia. Antony aingie, ainame, aokote moja ya zile karatasi zilizokunjwa, ainyooshe juu ya goti, na orodha yake aiandike mgongoni mwa shairi.