Nilivyoteuliwa Waziri wa Madini

Kwa kuwa kuna mtu ninayemwita rafiki ameshairusha ile video kwenye kundi, tena ameikata mahali pabaya, acheni niwasimulie mwenyewe. Angalau mnicheke kwa mpangilio.

Ile futari ya mtaa mnaijua. Meza kuu wamekaa Shekhe, Mchungaji na Baba Paroko. Mimi nimepewa neno la shukrani, dakika tatu. Mwenye akili angesema "asanteni sana" akarudi kwenye uji wake. Mimi nikataka neno zito.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mzalendo ana uzalendo, mkarimu ana ukarimu, basi mtu aliyeishika dini yake ana... (Ndiyo. Tulieni. Najua.)

Nikashika maikrofoni, nikakohoa kidogo kama wanavyokohoa wakubwa, nikasema: "Waheshimiwa viongozi wetu, udini wenu ndio nguzo ya mtaa huu."

Kimya. Nikadhani wameguswa. Nikaendelea, safari hii kwa kuvuta maneno: "Tunawaomba msichoke. Uenezeni udini huu mpaka kwa watoto wetu!"

Tende ya Shekhe ilikuwa nusu ya safari kwenda kinywani. Ikasimama hewani. Mchungaji akamgeukia Baba Paroko, Baba Paroko akaikazia macho sambusa kana kwamba ina maandishi. Mjumbe akafumba macho kabisa. Hapo ndipo masikio yangu yaliponiletea nilichosema, neno moja moja, bila haraka. Hakuna mtu anayesikia "udini" akafikiria ibada. Neno hilo hutembea limeshikana mkono na ukabila: ni kumpa mtu kazi, au kumnyima, kwa sababu ya mahali anaposali. Nilikuwa nimewashukuru wazee watatu kwa ubaguzi, kisha nikawaomba waongeze dozi.

Ningekaa hapo, yangeisha. Sikukaa.

"Samahani, nilimaanisha... sisi tunaheshimu madhehebu yote... na madini yote!"

Sauti ikatoka nyuma: "Hata tanzanite?"

Sufuria zilicheka. Na msinihukumu, mantiki ilikuwepo: dhehebu, madhehebu, dini, ma... mnaona wenyewe nilikokuwa naelekea.

Shekhe, Mungu amlinde, aliniita pembeni baadaye akanifundisha kwa upole, jambo ambalo liliuma zaidi. "Mwanangu, dini ni ile ile ikiwa moja au mia. Dini hii, dini hizi. Huhitaji kuiongezea kitu mbele." Madini, akasema, limetoka kwenye neno jingine kabisa la Kiarabu, la machimbo. Na hayo madhehebu niliyoyaiga? Ile "ma" imezaliwa nayo. Kwa Kiarabu neno hilo ni la umoja. Sisi Waswahili ndio tuliodhani ni wingi, tukalikata kichwa, tukapata "dhehebu". "Kwa hiyo," akasema, "umenakili mtihani kwa aliyekosea."

Nikauliza sasa ningesema nini. Uchamungu, akajibu. Au ningewaita washika dini, watu wa dini, na hakuna tende ambayo ingesimama. Ila nisithubutu kumwita mtu "mdini" nikidhani namsifu, maana huyo ndiye mwenye ule udini. Akaongeza kwamba hata dini na deni asili yake ni herufi zile zile za Kiarabu. Yule rafiki yangu, ambaye hakuna aliyemwita, akadakia: "Hilo la pili analijua vizuri, ana langu."

Ninyi mnaocheka, subirini. Kwenye fomu, penye "Dini", wangapi mnaandika "Mkristo" au "Muislamu"? Mkristo ni wewe. Dini ni Ukristo. Na chini yake pakiulizwa "Dhehebu" mnaandika tena "Mkristo". Tuheshimiane.

Basi, nikaomba radhi meza kuu, wakanisamehe, nikabebeshwa sahani za watu wote kama kafara, nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Kesho yake kamati ikaita kikao. Ajenda namba moja, kwa mwandiko wa mjumbe: "Taarifa ya Mheshimiwa Waziri wa Madini."