Pua ya Mjomba

Kwetu Muheza harusi ikikaribia, wengine huitwa kuchinja, wengine kupika. Mjomba wangu huitwa kunusa kuni. Anaamini hakuna ukuni wenye siri mbele ya pua yake, na kusema haki, mara nyingi hakosei. Mpera anaujua kwa gome laini linalobanduka mabaka mabaka, na anausifu kwa sababu makaa yake yanakaa, ndiyo ya kupalia juu ya pilau. Mfenesi ukiupasua, ndani njano imekolea. Mkaratusi unanuka dawa ya kuchua. Msonobari hataki hata kuuona, kwa utomvu wake na masizi yake, utasugua sufuria kwa mchanga mpaka magharibi na weusi uko palepale.

Jioni ya kuamkia harusi ya dada, mkokoteni ukaingia uani na kuni. Kijana aliyetuuzia aliapa kwamba zote ni mchungwa, zimetoka kwenye shamba la zamani lililong'olewa. Huku kwetu machungwa ndiyo sifa ya wilaya, kwa hiyo halikuwa neno la ajabu. Mimi nikapewa kazi ya kuzishusha, kifua wazi, begani nimetupia taulo la mpishi.

Mjomba akaja na kanzu na kofia ya kiua, akavuta kigoda. Anashika ukuni, anakwangua gome kwa ukucha, anatazama rangi, anafumba macho, ananusa. "Mchungwa." Mwingine. "Mchungwa." Mwingine. "Huu mwembe! Weka kando, moshi wake utatuliza kabla bibi harusi hajalia."

Watu wakacheka. Na Mjomba akichekewa, hunogewa. Akachagua ukuni mnene kuliko yote, umezongwa na mtambaa uliokauka, na juu yake pana vumbi la hudhurungi, laini, linang'aa kidogo kwenye mwanga wa karabai. Akasema huu hautaki haraka. Akaubandika puani kabisa, akavuta pumzi ndefu.

Kukawa kimya. Kisha pua ikaanza kucheza yenyewe, kama ya sungura. Akaisugua kwa kiganja. Kiganja nacho kikaanza.

Shangazi ndiye aliyeona yale maganda yaliyopasuka kwenye mtambaa. "Upupuuu! Msijikune! Maji msiguse! Leteni jivu!"

Nilipolisikia lile neno, bega langu likakumbuka kwamba nalo lilibeba. Mgongo ukafuata, halafu mahali ambapo sitapataja. Mpishi alikuwa ameshachukua taulo lake begani kwangu akajifuta jasho la uso na shingo. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole kabisa, "Taulo hili lilikuwa wapi?"

Jivu la mwilini ni jambo jepesi, unajipaka tu. Sasa la puani unalitia vipi? Shangazi hakuwa na muda wa mjadala. Akamshika Mjomba kisogo, akamwambia "Fungua," akamsukumia ukufi mzima. Chafya iliyotoka hapo ilizima karabai na kutugawia jivu sote, pamoja na mchele uliokuwa umeshachambuliwa.

Wakati huohuo hodi ikapigwa. Mshenga na wazee wawili wa upande wa bwana harusi, wameleta mbuzi. Wakatukuta uani gizani, weupe kwa jivu kuanzia utosini, Mjomba anasugua pua kwenye mwimo wa mlango, mimi nazunguka mnazi kwa mgongo, mpishi anajikuna kwa mwiko. Mshenga akavua viatu. Akasema kwa adabu kubwa kwamba kama kuna jambo la kimila la ukoo linaendelea, wao wanaweza kurudi baadaye.

"Karibuni, karibuni," Mjomba akasema, sauti imebana, pua imevimba. "Tunachagua kuni tu."

Mzee mmoja hakuondoa macho kwa mpishi. "Na mwiko huo?"

"Wa pilau ni ule mkubwa," mpishi akajibu bila kuacha kujikuna.

Kesho yake pilau liliiva vizuri, na hao wazee walikula, ingawa niliona wanalichungulia kwanza. Jioni nikatumwa kumpelekea mpishi ujira wake. Akahesabu noti, akazikunja, akabaki amenyoosha mkono.

"Hii ni ya kupika," akasema. "Ya kujikuna iko wapi?"