Kabla ya kuhalalisha, lipeni nauli

Mjadala wa kuhalalisha dawa za kulevya ukizuka, watu hugawanyika hapo hapo. Huyu anasema taifa litakwisha, yule anasema bangi ni majani tu. Bangi naiweka kando leo. Nazungumzia unga, yaani heroini.

Binamu yangu alibwia unga miaka tisa. Nimemwona na arosto, ile hali ya kuukosa unga: kajikunja mkekani, makamasi yanamchuruzika, anatetemeka huku jasho linamtoka, anaomba elfu mbili tu. Mtu wa hali hiyo mtishie kifungo uone kama anakusikia. Alishalala mahabusu mara mbili, na mara zote mbili alipotoka alipitia kijiweni kwanza, nyumbani baadaye.

Kilichomsaidia ni kikombe cha methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011, bure, na baadaye hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata. Unafika, unakunywa mbele ya mhudumu, unaondoka. Kesho tena. Ukikatisha, arosto inarudi. Sasa piga hesabu ya daladala, kwenda na kurudi, kwa mtu asiye na kazi. Shangazi ndiye aliyeibeba kwa pesa ya maandazi. Unga ulipopanda bei (huu wa ngano, jamani), binamu alikwenda kwa miguu.

Ndiyo maana wanaonitajia Ureno nawakubalia nusu. Kweli, tangu 2001 ukikamatwa kule na kiasi cha matumizi yako, kisichozidi cha siku kumi, hupelekwi mahakamani kama mhalifu. Unaitwa mbele ya jopo linaloangalia kama unahitaji tiba. Lakini kuuza bado ni jinai, na tiba ilitiwa fedha. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura 2020 likaondoa kifungo kwa watumiaji, ila huduma za tiba zikachelewa. Watu wakachoka kuwaona mateja barabarani, na 2024 adhabu ikarudi.

Kwa hiyo pusha simtetei, afungwe. Wala sitaki kete ziuzwe dukani kama vocha. Ila teja aliyeshikwa na kete yake moja, kumrundika gerezani ni kumlisha kwa kodi zetu kisha kumrudisha kijiweni. Hizo hela zingemfikisha kliniki.

Binamu dozi yake imeanza kupunguzwa. Shangazi bado anaacha sarafu chini ya kopo la sukari kila alfajiri, ameshazihesabu, za kwenda na za kurudi.