Mwaka Mmoja Ulikwisha Oktoba 2020

Wiki ya Sheria iliyopita nilikaa kwenye hema la msaada wa kisheria hapa Tanga, meza moja na mawakili vijana wawili. Wengi waliokuja waliuliza habari za viwanja na mirathi, wakajibiwa, wakaondoka. Bibi mmoja wa Ngamiani alisubiri mpaka watu wakapungua. Nilimwamkia, akaitika, akavuta kiti karibu na kusema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nina mjukuu wa miaka 16. Imeletwa posa na baba yake amekubali. Mimi sitaki. Nimekwenda ofisini kuuliza, wameniambia baba akiridhia sheria inaruhusu. Ndivyo?"

Nimefundisha sheria ya katiba zaidi ya miaka 20. Nilimjibu kwamba sivyo, sheria hairuhusu. Wakili mmojawapo akanitazama kwa mshangao, akafunua kitabu na kuniwekea kidole kwenye kifungu. Kweli kipo, kimechapwa. Pale hemani sikupata nafasi ya kumweleza nilichomaanisha, kwa hiyo namweleza hapa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inasema mwanamume aoe akiwa na miaka 18 na mwanamke aolewe akiwa na 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata miaka 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinataka msichana wa chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na kama baba amefariki, ya mama au mlezi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliipeleka Serikali Mahakama Kuu juu ya vifungu hivi viwili. Julai 2016 alishinda: Mahakama ilisema vinakinzana na Katiba, kwa kuwa vinampa msichana ulinzi mdogo kuliko wa mvulana kwa sababu tu ni msichana. Haikuvifuta papo hapo. Iliipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe, na ikataja kabisa kinachotakiwa kuwekwa: miaka 18 kwa wote wawili. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Tukipenda kuwa wakarimu, tuuhesabu ule mwaka upya tangu siku ya hukumu ya rufani. Ulikwisha Oktoba 2020. Ukapita 2021, ukapita 2022, 2023 na 2024, na vifungu vikaendelea kukaa kitabuni kama vilivyokuwa.

Wanasheria wenzangu wengi husema hapo hakuna la kufanya ila kungoja Bunge. Nadhani wanakosea, na kosa lenyewe linatokana na kuisoma nusu Ibara ya 30(5) ya Katiba. Ibara hiyo ndiyo inayoiruhusu Mahakama kuipa Serikali muda badala ya kutangaza kwamba sheria ni batili. Watu huishika sehemu hiyo ya kwanza na kuiachia ya mwisho, ambayo ndiyo yenye uzito: sheria iliyokutwa na kasoro itahesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uliowekwa uishe, na katika hayo mawili linalotangulia ndilo linaloshika. Maana yake, tangu siku ya hukumu sheria ile inaishi kwa uhai wa kuazima, na uhai huo umepewa tarehe ya kurudishwa. Tarehe ikifika, Bunge halihitaji kukutana wala Rais hahitaji kusaini kitu. Uhalali umekwisha kwa maneno ya Katiba yenyewe. Kuendelea kusema "sheria bado ipo" ni kuipa Serikali muda ambao Mahakama haikuipa, na hakuna ofisi yoyote nchini yenye mamlaka hayo.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Wanasema ukikiondoa kifungu cha 13 umeondoa umri wa chini wa kuoa na kuolewa kwa wote, ubaki na pengo baya kuliko kasoro. Ingekuwa kweli kama kifungu kizima kingekufa. Lakini Katiba inazungumzia sheria kwa kadiri inavyokinzana nayo. Kinachokinzana ni ule upungufu wa miaka mitatu aliowekewa msichana, ruhusa ya miaka 14, na ridhaa ya mzazi inayoufungulia mlango upungufu huo. Miaka 18 ya mvulana haikulalamikiwa na mtu. Tena Mahakama ilikwisha kutaja nambari ya kujazia, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Pengo liko wapi?

Desturi hii ya kuipa Serikali muda ni ya zamani kuliko kesi ya Gyumi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu kwa marekebisho ya mwaka 1984 yaliyoanza kutumika Machi 1985, lakini mwananchi akazuiwa kwenda nazo mahakamani mpaka Machi 1988, ili Serikali ipate miaka mitatu ya kusafisha sheria zake. Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama vya siasa, ilipotoa taarifa yake mwaka 1992 iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Ile miaka mitatu ilifanyiwa nini?

Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, akiwa Dodoma, alimpa Mchungaji Mtikila ushindi katika kesi ya mgombea binafsi, yaani haki ya kugombea bila kuwa na chama, na mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba ili kuuziba mlango aliokuwa ameufungua. Lile lilinikasirisha na linanikasirisha hadi leo. Hata hivyo lilifanyika hadharani: mswada ulisomwa, wabunge walipiga kura, majina yao yako kwenye kumbukumbu rasmi. Ukimya huu wa sasa naona ni mbaya zaidi. Hakuna aliyesimama akasema anaikataa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Inaachwa tu ilale, na aliyeshindwa kesi anaendelea kuishi kama aliyeshinda.

Mahakama nayo haikosi lawama. Ikitoa muda, iandike kwenye amri yenyewe nini kitatokea siku ya mwisho: kwamba kuanzia tarehe fulani neno "kumi na tano" lisomeke "kumi na nane". Na imtake Mwanasheria Mkuu arudi kueleza alipofikia. Bila hayo, msajili wa ndoa wilayani atajuaje kwamba kitabu kilicho mezani pake kimepitwa?

Wapo watakaosema msichana analindwa na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, yanayomtishia anayemwoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30. Ni kweli, lakini hapo kinacholindwa ni uanafunzi. Mjukuu wa yule bibi aliacha shule kabla ya kidato cha pili, gharama ya nauli na madaftari ilipomshinda baba. Siku alipoivua sare ndiyo siku ulinzi ule ulipomwacha. Aliyehitaji sheria kuliko wenzake ndiye pekee aliyebaki nje yake.

Najua pia nitaulizwa kuhusu dini, maana mimi ni Mwislamu na mji wangu ni huu. Hoja ya dini na mila ilipelekwa mahakamani na Serikali yenyewe, ikasikilizwa, ikashindwa. Masheikh wawili ninaoswali nao wameniambia kwamba wao hawafungishi ndoa ya mtoto hata baba akilia. Waliniambia hivyo kabla sijawatajia hukumu yoyote.

Nilimwandikia bibi kwenye karatasi jina la kesi, tarehe na namba ya ibara. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Hii nitampa baba yake asome mwenyewe," akasema. "Na yule wa ofisini, nani atamwambia?"

Jumatatu nilikwenda mwenyewe na nakala ya hukumu. Yule mtumishi, kijana mpole kabisa, alisoma kurasa za mwisho huku mimi nimekaa, akarudia aya ya amri mara mbili. Kisha akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akaniambia kwamba amenielewa, ila yeye anangoja waraka.