Ukali wa Picha Katika Kamera ya Tundu

Wapiga picha wengi ninaowafahamu hapa Dodoma, wakionyeshwa picha iliyopigwa kwa kamera ya tundu, yaani kopo au kisanduku kisicho na lenzi kinachopitisha mwanga kwa tundu dogo hadi kwenye karatasi ya picha, huuliza kwanza kwa nini imefifia. Swali hilo ni la haki, na jibu la kwamba "hiyo ni sanaa" haliniridhishi, maana mara nyingi tundu lenyewe limetobolewa ovyo kwa msumari.

Ukali wa picha hizi una hesabu yake. Tundu likiwa kubwa mno, kila nukta ya kitu kinachopigwa huchora doa pana kwenye karatasi; likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika unapopita ukingoni na picha hufifia vilevile. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliichambua hesabu hiyo mwaka 1891, na kwa kopo la maziwa ya unga lenye sentimita 10 kutoka tunduni hadi kwenye karatasi, kipenyo kinachofaa ni takriban milimita 0.4. Kwa kutengeneza tundu lenyewe, kipande cha kopo la soda hutosha, kikisuguliwa kwa msasa laini na kutobolewa kwa ncha ya sindano inayozungushwa taratibu bila kugongwa.

Ukishafika hapo ndipo hoja ya sanaa inapopata uzito. Kwa maoni yangu, uzuri wa kamera hii ni kwamba hailengi chochote: kokoto iliyo mbele ya kopo na kilima cha mawe kilicho mbali hupata ulaini unaokaribia kufanana, na mtazamaji huachwa achague mwenyewe pa kutazama. Katika picha ya mbuyu niliyoipiga njia ya Hombolo, kopo likiwa vumbini na jiwe juu yake kwa ajili ya upepo, karatasi ilihitaji kama nusu dakika ya jua la saa sita. Shina lilitoka na makovu yake makubwa, vijitawi vikawa moshi mtupu, na mchungaji aliyepita na mbuzi wake hakuonekana kabisa. (Mwaka 1890, Mwingereza George Davison alipiga shamba la vitunguu kwa tundu, na ulaini wa picha ile ukazua ubishi mkubwa, kumbe malalamiko ya rafiki zangu ni ya zamani.)

Kwenye mashamba ya zabibu, hata hivyo, mimi hutumia kwa makusudi tundu la milimita 0.6. Muda wa kupiga hupungua kwa zaidi ya nusu, nami huweza kungoja upepo utulie kidogo ndipo nifungue. Mistari hulegea, lakini majani hubaki majani.