Mimi Nilizaliwa Kushoto

Waipa za gari letu zina sauti. Zikienda kwenye kioo kikavu zinasema kwiii, zikirudi zinasema kwaaa. Nalijua hilo kuliko fundi yeyote, kwa sababu niliwahi kuzisikiliza kwa urefu wa wimbo mzima wa taifa, tena wimbo wa taifa la watu, jua linawaka, na kanali amesimama hatua tatu kutoka kwenye bampa yangu huku ametoa saluti.

Mke wangu ni sajenti katika jeshi la Marekani. Mimi ni mumewe, na kwenye makaratasi ya jeshi cheo changu kimeandikwa waziwazi: tegemezi. Yeye ni mdhamini. Mahari nilitoa mimi, lakini mdhamini ni yeye. Baada ya miaka tisa Marekani, ambako nilijifunza kuendesha kulia kwa jasho na matusi ya watu nisiowajua, ikaja barua ya uhamisho: Okinawa, Japani.

Nilipojua kwamba Japani wanaendesha kushoto, nilicheka peke yangu jikoni.

"Baba Imani, unacheka nini?"

"Nacheka hao wenzako watakavyohangaika. Mimi nilizaliwa kushoto."

Na si kushoto tu. Mtu wa Afrika Mashariki umfundishe nini kuhusu gari la Kijapani? Tumekulia ndani ya magari hayo. Tumefunga nayo harusi, tumebebea nayo mbuzi. Hata yule dada anayezungumza Kijapani ndani ya dashibodi ukiwasha gari tunamjua. Mjomba wangu, mtu mwenye adabu zake, alikuwa na gari la namna hiyo, na kila asubuhi dada yule akishasema maneno yake, mjomba anamwitikia, "Marahaba, binti," ndipo anaingiza gia. Alikuwa na hakika anaamkiwa.

Siku mbili baada ya kutua tukapelekwa kwenye darasa la wageni. Hapo hugusi usukani mpaka usikilize, ufanye mtihani wa kuandika na upewe kibali cha kuendesha. Mkataba wa mwaka 1960 kati ya Marekani na Japani unawataka Wajapani waikubali leseni inayotolewa na jeshi la Marekani bila kumtahini mtu upya, kwa hiyo jeshi lenyewe ndilo linalokutahini. Mwalimu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ana sauti ya kuamuru hata anapoomba maji.

Alisema mengi, na mengi yalikuwa ya maana. Alama ya kusimama huku si ile ya pembe nane, ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa, na kusimama maana yake magurudumu yatulie kabisa, si kunyatanyata. Taa ikiwa nyekundu hakuna kukata kushoto kinyemela, hata kama barabara ni tupu. Vibao vyote ni vya kilomita. Lami ya kisiwa imechanganywa na mawe ya chokaa ya matumbawe, na mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Halafu pombe: majimbo mengi ya Marekani yanakuvumilia mpaka asilimia 0.08 kwenye damu, Japani ni 0.03, na abiria aliyepanda akijua dereva amelewa naye anaingia matatani.

Kisha akatusimulia habari iliyonikaa. Okinawa ilikuwa chini ya Wamarekani baada ya vita mpaka mwaka 1972, na kwa miaka hiyo yote watu waliendesha kulia. Hata baada ya kurudishwa Japani waliendelea kulia kwa miaka sita, mpaka tarehe 30 Julai 1978 kisiwa kizima kikahamia kushoto. Usiku walilala watu wa kulia, asubuhi wakaamka watu wa kushoto.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Jirani yangu darasani, kijana mmoja, alinong'ona kwamba anaogopa. Nikamwonea huruma. Nikajipa kazi ya ualimu msaidizi. Nikaanza kumweleza kwamba kwenye magari haya kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia wa usukani na cha waipa kiko kushoto, kinyume na kwao, kwa hiyo wageni wote wakitaka kukata kona wanawasha waipa. "Utawajua kwa waipa," nilimwambia. Nikamchorea na picha kwenye daftari lake.

Nilipokuwa namalizia kuchora waipa, mwalimu alikuwa anaeleza habari ya nyimbo za asubuhi. Nilisikia neno "wimbo". Nikajisemea, hilo nalijua.

Mtihani nilifaulu. Kijana yule naye alifaulu, na alinishukuru sana, kitu ambacho kilinizidishia ugonjwa.

Gari tulilinunua kwenye uwanja ambao wanaohama huachia magari yao yauzwe. Wamarekani wanauita uwanja wa malimau, na limau kwa lugha yao ni gari bovu, kwa hiyo mtu hawezi kusema hakuonywa. Magari ya uwanjani hapo hurithishwa familia kwa familia mpaka chumvi ya bahari iyale. Letu lilikuwa dogo, jeupe, lina kutu kidogo milangoni. Mwenye nalo alikuwa mwaminifu. Alituonyesha cheti cha ukaguzi, ambao ni wa kila miaka miwili, bima ya lazima, risiti ya kodi ya barabara ya mwaka, na namba zenye herufi Y zinazowatambulisha watu wa jeshi la Marekani barabarani. Akaongeza jambo moja kana kwamba halina uzito: "Kile kitundu cha kurushia maji ya kioo kimepinda. Kinarusha pembeni. Sikuwahi kupata muda wa kukinyoosha."

Nikasema si neno.

Nilipowasha, yule dada akazungumza. Machozi yalinilengalenga. Nikasema, "Marahaba, binti." Mama Imani akanitazama kwa namna ambayo makuruta wake pekee ndio wanaijua.

Siku tatu niliendesha kama mfalme. Getini nilikuwa natoa kitambulisho kabla ya kuombwa, usiku nazima taa kubwa nibaki na ndogo ili askari aone uso wangu. Nikikuta askari wanakimbia kwa kikosi naenda mwendo wa kinyonga mpaka wapite. Sehemu za kuegesha zilizowekewa vyeo sikuzikaribia, na huko kila nafasi nzuri ina cheo chake. Nilianza hata kuwapungia mkono watu.

Asubuhi ya siku ya sita nilimpeleka Mama Imani kazini. Nilipokuwa narudi nikafika kwenye makutano, pembetatu nyekundu ile pale, nikasimama kisawasawa. Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Saa mbili kamili tarumbeta likalia kwenye vipaza sauti vya kambi.

Hilo nililijua. Hata kwenye kambi za kule Marekani, bendera ikipandishwa, gari linasimama, redio inazimwa, watu wanatulia. Nikazima injini. Madirisha yalikuwa wazi. Upande wa kushoto, kandokando ya barabara, kanali mmoja aliyekuwa anatembea alisimama akaielekea bendera na kutoa saluti. Nilimjua kwa yule tai wa kwenye cheo chake. Wimbo wa Marekani ukapigwa wote. Nilikaa wima kama picha ya pasipoti.

Wimbo ukaisha. Kimya.

Kwa miaka tisa, wimbo ukiisha mtu anaondoka zake. Nikawasha gari.

Sasa, kimya cha kambi nzima iliyosimama si kimya cha kawaida. Unasikia hata kamba ya bendera inavyogonga mlingoti. Ndani ya kimya hicho, kupitia madirisha manne yaliyo wazi, yule dada wa dashibodi akatangaza habari zake kwa sauti ya juu, kwa Kijapani safi, kila neno linasikika. Kanali hakugeuka, lakini nilimwona shingo.

Nikachanganyikiwa. Nikataka niondoke haraka niiache aibu hapo nyuma. Nakata kulia, lazima indiketa. Mkono wangu, ule uliokaa Marekani miaka tisa, haukuniuliza. Ukaenda kushoto ukapiga kijiti mpaka mwisho, na waipa zikaanza kwa kasi ya gharika. Gari nalo lilikuwa limeshatambaa likavuka mstari, pua imeingia kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Hapo ndipo wimbo wa pili ulipoanza.

Ni kambi ya Marekani, lakini ardhi ni ya Japani. Wakimaliza wimbo wa mgeni wanapiga wa mwenyeji, na tarumbeta la kuruhusu watu waendelee huja baada ya yote mawili. Hilo ndilo alilolieleza mwalimu wakati mimi namchorea mtoto wa watu waipa.

Nikakanyaga breki. Nikaganda.

Wimbo wa taifa wa Japani ni miongoni mwa nyimbo za taifa zenye maneno machache kuliko zote duniani. Msidanganyike na hilo. Unapigwa taratibu, kwa heshima, kama mtu anayebeba yai. Kwiii. Kwaaa. Kwiii. Kwaaa. Nyuma yangu magari kama kumi na mawili, hakuna hata moja lililopiga honi, na afadhali wangepiga.

Nilianza kujadiliana na nafsi yangu. Nizime waipa? Kuzizima ni kutikisika, na kanuni inasema utulie. Niziache? Ndizo zinazotikisika kuliko kitu chochote kambini. Nilifika kwiii ya 20 ndipo nikakata shauri: nitanyoosha kidole kimoja, taratibu, nirudishe kijiti bila bega kuinuka.

Kidole hakikurudisha kijiti. Kilikivuta.

Mnakumbuka kitundu kilichopinda.

Maji yalitoka kwa nguvu ambayo gari lenyewe halijawahi kuwa nayo. Hata tone moja halikugusa kioo. Yaliruka kushoto, yakapanda kama upinde, yakameremeta juani (nisiwe mnyimi, yalipendeza), yakashuka kwenye suruali ya kanali kuanzia gotini mpaka kwenye buti. Hakutikisika. Mkono uko pale pale kwenye kofia, macho kwenye bendera, maji yanachuruzika. Nimeona wanajeshi wengi tangu nioe, lakini siku ile ndipo nilipoelewa wanafundishwa nini.

Na waipa zikaendelea. Mpaka mwisho nilihesabu kwiii 58.

Tarumbeta likalia. Kanali akashusha mkono, akaja dirishani. Aliinama taratibu, kama daktari anayeleta majibu.

"Wewe ni mgeni."

"Nina siku sita, bwana."

"Zima waipa."

Nikawasha indiketa. Akasubiri. Nikazima indiketa, nikazima waipa.

"Mdhamini wako ni nani?"

Hapo moyo uliniruka kuliko wakati wa maji. Jeshini kosa la tegemezi haliishii kwa tegemezi, linapanda ngazi mpaka kwa mdhamini na wakubwa wake. Nikataja jina na kikosi. Kanali akalirudia jina polepole, akatazama buti zake, akanitazama mimi.

"Sajenti huyo ni mtu makini sana," alisema. Sikujua nishukuru au niombe radhi, nikafanya vyote viwili kwa pamoja.

Alikuwa ameanza kuondoka, akarudi. "Na huyo mama aliyezungumza katikati ya nyimbo. Unajua anasema nini?"

Nikasema kwa unyonge, "Anasalimia, bwana."

Ndipo nikaona kanali anavyocheka, mabega yakitikisika bila sauti. Alikuwa amekaa Japani miaka mingi. "Anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa. Ile ya kulipia barabara za tozo."

Habari ilinitangulia nyumbani. Mama Imani hakupaza sauti. Alinikabidhi karatasi: nirudie darasa la wageni Jumanne, kuanzia mwanzo. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na kwa dakika nyingi nilisikia sauti niliyodhani ni kilio. Nilipotega sikio vizuri, alikuwa anafanya kwiii, kwaaa, halafu anacheka ndani ya mto.

Jumanne nilikwenda. Mwalimu alinitambua akanikalisha mbele kabisa, peke yangu, bila jirani. Alipofika kwenye nyimbo za asubuhi alinyamaza, akauliza darasa zima huku akinitazama mimi: "Nyimbo ngapi?"

Usiku nikampigia mjomba. Nilijua habari yangu itamfikia tu, bora aisikie kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wajapani wamekupokeaje?"

Nikamsimulia yote, kanali, maji, waipa. Alicheka mpaka akakohoa. Mwisho nikamwambia na lile la yule dada, kwamba muda wote huu hakuwa anatuamkia, alikuwa anataja kadi ya kulipia barabara haijawekwa.

Mjomba akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Yaani miaka kumi na minne ananidai," akasema, "na mimi namwitikia marahaba."