Namba ya baba haimtoshi mtoto

Kama programu yako ya Java huhifadhi vitu (objects) kwenye faili, andika serialVersionUID, yaani namba ya toleo ambayo Java huilinganisha na iliyo kwenye faili kabla ya kukisoma kitu, katika kila klasi (kiolezo cha vitu hivyo) ya ukoo wao, mzazi na watoto, tangu siku ya kwanza. Hapa Kisumu nimekutana na waandishi wa programu hodari wanaoiandika kwa klasi mzazi pekee, wakiamini watoto watairithi. Hairithiwi. Java huitafuta ndani ya klasi yenyewe. Isipoiona, huikokotoa kutokana na jina la klasi, sehemu zake (fields), mbinu zake (methods) na kadhalika, kwa hiyo zikibadilika, namba nayo hubadilika.

Mimi nilijua hilo kwa uchungu. Tuliandika programu ya kupokea maziwa ya wakulima. Mtandao ukipotea, mapokezi ya asubuhi huwekwa kwenye laptopu kama vitu vya Java hadi urudi. Klasi Mapokezi ilikuwa na namba, mtoto wake MapokeziMaziwa hakuwa nayo. Nikamwongezea mtoto mbinu moja tu ya umma ya kujumlisha lita. Kesho yake tukapata InvalidClassException, kosa la Java kukataa faili kwa kuwa namba hazilingani, na maziwa ya watu yamefungiwa ndani ya faili. Mama mmoja aliyekuwa amefika na mikebe yake alfajiri aliuliza rekodi yake iko wapi, na alistahili jibu.

Tuliponea kwenye ujumbe wa kosa lenyewe, kwani hutaja namba iliyo kwenye faili. Tuliinakili ndani ya klasi ya mtoto, faili zikafunguka.

Lakini kosa linalopiga kelele si baya sana. Ninaloliogopa ni kuhamisha sehemu kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba. Faili huhifadhi data ya kila klasi peke yake. Ukiihamisha `lita` juu, thamani iliyoandikwa chini ya jina la mtoto hutupwa na baba hupewa sifuri. Namba zote zinalingana, hakuna onyo lolote, na mkulima amepoteza lita zake. Kama ni lazima uihamishe, mtoto aendelee kuitangaza kwenye serialPersistentFields (orodha ya sehemu za kuhifadhiwa), aisome katika readObject (mbinu ya kusoma kutoka kwenye faili) na kumkabidhi baba, na katika writeObject (mbinu ya kuandika) aiandike vilevile.

Kuingiza klasi mpya katikati ya ukoo kunaruhusiwa; sehemu zake huanza zikiwa tupu, na readObjectNoData, mbinu ambayo Java huiita faili isipokuwa na data ya klasi hiyo, ndipo pa kuzijaza.

Siku hizi hatutoi toleo kabla ya kufungua faili moja ya kila toleo la zamani na kulinganisha lita na daftari la karatasi.